Buluu ya Ukuta wa Marita

Siku za soko pale Lyulilo, mitumbwi ya Wakisi ikiwa bado inashusha vyungu mchangani, wanaume watatu walikuwa wamekwisha kukalia mtumbwi mkuukuu uliofunikwa kifudifudi kando ya njia, wakibishana. Zebedayo ndiye aliyekuwa mwenye kahawa. Alirudi kutoka vitani huko Burma na birika la jeshi lililobonyea ubavuni, watu wakambandika jina la Burma, na buni yake aliiagiza kutoka huko juu Tukuyu, akaikaanga na kuitwanga kwa mkono wake. Wa pili, Lameck, alichochea kuni kwenye stima tangu enzi za Wajerumani mpaka za Waingereza. Yeye aliitwa Stima hata na wajukuu zake. Wa tatu alikuwa Eliya, mzee wa kanisa, aliyejulikana kama Amina kwa kuwa hakuweza kufunga maneno yake bila neno hilo. Walizoea kubishana juu ya mvua, juu ya mwaka ambao samaki aina ya mbasa walinona zaidi, juu ya nani alimwona mamba yupi. Asubuhi hiyo waliukatiza ubishi, kwa sababu mpwa wake Eliya alikuwa anakuja kutoka upande wa ziwani na suruali yake imelowa hadi magotini.

Kijana huyo aliitwa Tuntufye. Alizaliwa pale pale Lyulilo, akaondoka angali mdogo, baba yake, mwalimu wa shule ya misheni, alipohamishiwa Tukuyu. Tangu hapo masomo yakamvuta mbali zaidi na zaidi, hadi Makerere, Uganda, alikokuwa anasomea sanaa. Mjomba wake alikuwa amewaeleza wenzake mara nyingi sanaa ni kitu gani, bila wao kuelewa, wala yeye mwenyewe. Tuntufye alifika jana yake jioni kwa likizo. Asubuhi hakungoja hata uji. Alikwenda moja kwa moja mahali alipozoea kusimama utotoni, mbele ya nyumba ya Marita mfinyanzi. Alikuta matete. Katikati ya matete palikuwa na maji ya kimya, na ndege mweupe mwenye miguu mirefu akamtazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

— Umekwenda kuoga na suruali? Stima alimwuliza.

— Nilikwenda kuutazama ukuta wa mama Marita.

Burma alikuwa anamimina. Akaliinua birika, mkondo wa kahawa ukakatika.

— Ukuta uliliwa na ziwa, mpwa wangu, Eliya alisema. Mwaka ule maji yalipopanda. Lilichukua nyumba, likachukua na migomba ya nyuma. Amina.

— Mbona sikuandikiwa?

— Nani aandike barua ya tanzia ya ukuta? Stima alisema. Kaa, kijana. Kunywa kahawa, ukauke.

Tuntufye alikaa. Alikishika kikombe cha bati kwa mikono miwili na hakunywa. Alijiona kama mtu aliyesafiri kuja kuzika, akakuta matanga yameshaisha na watu wameshakwenda shambani.

— Basi safari yangu ni bure, alisema.

— Bure? Hata shangazi zako hujawasalimu, unasema bure! Burma alimkemea. Huo ukuta ulikuwa na nini?

Ndipo akawaeleza. Kule chuoni mwalimu wao wa kuchora aliwaambia kila mmoja aandike juu ya kazi ya sanaa iliyomsimamisha njiani kwa mara ya kwanza. Wenzake waliandika juu ya picha za Ulaya walizoziona vitabuni, na mmoja juu ya Bikira Maria wa kanisani kwao. Yeye aliandika juu ya ukuta wa udongo ulioko Lyulilo, kwenye ziwa Nyasa, na darasa zima likacheka.

— Wakacheka nini? Stima aliuliza, uso umemkunjamana.

— Walisema ukuta wa udongo ni ukuta wa udongo. Lakini mwalimu hakucheka. Aliuliza, huyo mama alitumia rangi gani? Nikamwambia masizi, utomvu wa mgomba, udongo mwekundu wa vyungu. Akasema, nenda likizo, ukauchore ulivyo, utaje kila kilichotumika, nami nitauweka kwenye maonyesho pamoja na kazi za wenzako.

— Na hao wenzako wao wanatumia nini? Burma aliuliza.

— Kila kitu, baba. Kuna mmoja wa Kampala anachora juu ya nguo ya gome la mti. Kuna mwingine wa Kisumu amechonga kichwa cha bibi yake kwa taruma bovu, lile gogo la chini ya reli. Mpaka leo bibi ananuka lami.

— Wameng'oa reli! Eliya alisema. Na treni ipite wapi? Amina.

— Bovu, mjomba. Lilishatupwa.

— Na wewe je?

Tuntufye aliona haya kidogo.

— Mimi nilibandika pumba za mpunga kwa gundi, nikatengeneza uwanda wote wa Kyela wakati wa mavuno.

— Pumba! Stima alisema. Serikali inakulisha kule Uganda ubandike chakula cha kuku?

Walicheka wote, na Tuntufye akacheka nao, lakini macho yake yalikuwa kwenye matete. Aliyakumbuka mashavu ya Marita yenye madoa ya chokaa, na namna alivyoimba puani huku akipaka kwa kidole, kwa kitambaa, kwa unyoya wa kuku, kwa chochote kilichokuwa karibu. Kila baada ya masika mvua ilikuwa inaifuta nusu ya kazi yake, naye anaanza upya bila manung'uniko. Asubuhi za joto, akienda shule, Tuntufye alikuwa akiuegemeza mgongo kwenye ukuta ule kwa sababu ulikuwa wa baridi, kisha anageuka kuutazama, na mara nyingi alichelewa kengele.

— Kwa kuwa haupo, alisema, basi nisaidieni ninyi. Niambieni kilichochorwa, nami nitachora. Mlikuwa mnakaa hapa, mmeuelekea kila siku.

— Hilo dogo, Stima alisema, akaweka kikombe chini. Ilikuwa stima. Bomba refu, moshi umelalia nyuma. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kutafuta kuni.

— Stima ya wapi? Burma alisema. Walikuwa askari. Mstari mrefu, mizigo kichwani, wanapanda mlima. Nimetembea mstari ule mimi, siwezi kuukosea.

— Ukuta ulikuwepo kabla hujakwenda Burma!

— Ndiyo. Ndiyo maana nilipofika kule niliijua njia.

— Ninyi wote mnapotosha kijana, Eliya alisema. Walikuwa wana wa Israeli wanavuka Bahari ya Shamu. Maji yamesimama huku na huku kama kuta, wao wanapita katikati. Amina.

— Marita alikuwa hata hajabatizwa wakati ule! Stima alisema.

— Roho hupita popote. Amina.

Tuntufye aliwasikiliza mmoja mmoja kwa mshangao. Yeye hakuwahi kuona stima, wala askari, wala Musa.

— Mimi nilikuwa naona wanawake, alisema. Wanawake wanatoka ziwani na vyungu kichwani. Wengi, hadi kule pembeni, na nyuma yao buluu.

Hapo wote watatu wakageuka kuyatazama matete.

— Buluu, ndiyo, Stima alisema. Buluu hata mimi sibishi.

— Buluu ilikuwepo, Burma alisema.

— Amina, Eliya alisema.

— Sasa hiyo ndiyo inayonisumbua, Tuntufye alisema. Nyekundu naijua, nyeupe ni udongo wa kule kilimani, nyeusi ni masizi. Buluu aliitoa wapi? Chuoni inatoka Uingereza kwenye kibomba kidogo cha bati laini, mwalimu anatuambia tuikamue kama dawa ya macho. Zamani huko Ulaya ilikuwa jiwe linalotoka milima ya mbali sana, wachoraji wakiiweka kwa ajili ya joho la Bikira Maria tu. Na hapa Lyulilo mama mmoja aliipaka ukuta mzima, mbuzi wanajikunia!

Swali hilo lilikuwa kama kuni kavu. Stima alisogea mbele.

— Hiyo nakuambia mimi, maana nilikuwepo. Vita ya kwanza ilipoanza, kapteni mmoja Mjerumani aliacha koti lake ufukoni. Koti la buluu, zito, vifungo vya shaba. Marita akalitia kwenye chungu, akalichemsha mpaka rangi yote ikatoka. Koti likabaki jeupe kama sanda.

— Na vifungo? Burma aliuliza.

— Vifungo vilibaki vifungo. Unataka vichemke?

— Huo uongo haukupakwa hata mafuta, Burma alisema. Rangi ile ilitoka kwenye majani. Kule Burma kuna jani, wanawake wanaliozesha kwenye mtungi, mikono yao inakuwa buluu mpaka kiwiko. Mbegu zilikuja huku.

— Zilikuja na nani, na wewe ulikuwa hujaenda?

— Ndege. Ndege hana habari na vita.

— Lilikuwa jiwe, Eliya alisema taratibu, kama mtu asomaye tangazo la ndoa. Kijana amesema mwenyewe jiwe. Radi ilipiga mlima huu wa kwetu, mwamba ukapasuka, ndani ni buluu kama jicho la paka. Wakinga wa huko mlimani wakalishusha mzigo mzigo wakabadilishana na vyungu. Amina.

— Radi! Stima alisimama kabisa. Sasa mmenilazimisha kusema nisichotaka kusema. Ni kungu.

— Kungu hawa tunaowala?

— Hawa hawa. Wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi. Wanaishi wapi? Ndani ya ziwa. Wanakunywa nini? Ziwa. Ukimkamua mmoja hupati kitu. Ukikamua wingu zima, ziwa linatoka na rangi yake.

— Mimi nimekula mikate ya kungu tangu sina meno, Burma alisema. Mbona sijawa buluu?

— Umejitazama ndani?

Burma alifikiri. Akamimina kahawa nyingine kila mmoja, mkono wake ukiwa mtulivu kuliko kawaida.

— Basi nitasema la kwangu la mwisho, alisema. Marita alikuwa anaamka kabla ya wavuvi. Anashuka na chungu, anachota maji kabla kasia la kwanza halijayagusa. Maji ya saa ile bado yana rangi. Tukiyatikisa ndiyo yanapauka.

Hakuna aliyecheka. Tuntufye alijua kuwa ni uongo mtupu, na bado aliuona mkono wa Marita ukizamisha chungu gizani polepole, na kwa kitambo kidogo alitamani iwe hivyo.

— Buluu ni ile ya kufulia, sauti ya mwanamke ilisema.

Waligeuka. Kando yao, kwenye rundo la vyungu, alikuwa amechuchumaa mama mmoja mwenye kikapu cha mchele, akivigonga vyungu kimoja kimoja kwa kidole, ameinamisha sikio kusikiliza kama kimojawapo kina ufa.

— Mugonile, aliwasalimu kwa Kinyakyusa.

— Ugonile, mwanangu, Eliya aliitikia. Umesema ya nini?

— Ya kufulia nguo. Vile vibonge. Kulikuwa na mama aliyefua mashuka ya misheni pale Matema. Mama yangu alimpelekea vyungu, naye akampa vibonge vya buluu. Mama yangu alivisaga, akachanganya na utomvu wa mgomba, akapaka.

Stima alikaa chini taratibu.

— Ya kufulia, alisema, kama mtu aliyetukaniwa rafiki.

Lakini Tuntufye alikuwa anacheka kwa furaha. Kibonge cha kung'arisha mashuka ya wamisionari! Alitaka kurudi Makerere siku ile ile awaeleze.

— Mama yako ni Marita? aliuliza.

— Ndiye. Mimi ni Neli, kitinda mimba wake. Niliolewa Bujonde. Nyumba ilipochukuliwa na maji nilikwenda naye.

— Marita yupo? Stima aliuliza.

— Yupo. Kwa nini asiwepo?

Wanaume wale walitazamana. Kwa namna walivyokuwa wakimzungumzia asubuhi nzima, walikuwa wamekwisha kumzika.

— Bado anachora? Tuntufye aliuliza.

Neli alikiweka chini chungu alichokishika.

— Hachori. Tulimjengea nyumba yake, kuta tukazilainisha vizuri, mume wangu akamwambia, mama, kuta hizo hapo. Alikataa. Alisema, watu wa Bujonde wataanza kunicheka kama wa Lyulilo.

— Wa Lyulilo walimcheka? Nani? Burma aliuliza kwa ukali. Mtaje!

— Hajamtaja mtu. Anasema mlikuwa mnakaa hapa, mnautazama, mnanong'onezana, halafu mnacheka. Anasema hakuna siku aliyotoka nje na rangi mikononi asisikie kicheko. Ziwa lilipouchukua, alisema afadhali, limenisitiri.

— Tulikuwa tunabishana! Stima alisema. Tulikuwa tunabishana tu, mama, kama hivi!

— Hilo mimi siwezi kujua, nilikuwa mtoto. Ndiyo maana nawauliza ninyi wazee wangu. Neli aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Kuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwambia kuwa ukuta wake ni mzuri?

Kelele za soko zilikuwa pale pale, mbuzi wakilia, wanawake wakiitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Burma alitazama ndani ya birika lake. Kwa mara ya kwanza Tuntufye alimwona mjomba wake akikosa hata ile amina. Stima alikuwa akikisugua kikombe chake kwa kidole gumba, akisugua mahali pamoja.

Swali lilimfikia Tuntufye naye. Alikuwa amejaza kurasa za Kiingereza juu ya ukuta ule, zikasomwa mbele ya watu wasioujua. Kwa aliyeupaka hakuwahi kusema neno moja. Alikuwa akiuegemea tu, akichelewa shule.

— Mama Neli, alisema mwishoni, naomba tufuatane Bujonde.

— Leo?

— Leo hii.

Neli alikubali. Alimaliza kubadilishana mchele wake na vyungu viwili, akavifunga kwa majani makavu ya mgomba. Walipokuwa wanapakia kwenye mtumbwi, wanaume wa kijiweni walishuka mmoja mmoja hadi mchangani, kitu ambacho watu wa soko walikitazama kwa mshangao, maana hawakuwahi kuwaona wakiondoka pale kabla ya kahawa kwisha.

Burma alikuja na kahawa iliyotwangwa, ameifunga kwenye jani.

— Mpe. Mwambie kule vitani usingizi ulikuwa mgumu. Nilikuwa nautembea ukuta wake kutoka mlangoni hadi pembeni, kwa macho yaliyofumba, mpaka nilale.

— Mwambie kanisa linamkumbuka, Eliya alisema.

— Kanisa au wewe? Burma aliuliza.

Eliya alikohoa.

— Mimi, alisema.

Stima alibaki nyuma. Alipokaribia, mtumbwi ulikuwa umeshaanza kuelea, ikabidi aingie majini.

— Mwambie Lameck anamsalimu.

— Basi? Neli aliuliza.

Aliyekuwa na maneno ya kapteni na koti na mawingu ya kungu alisimama na maji yanampiga magotini, akitafuta.

— Mwambie mimi pale sikuwa nafuata kahawa.

— Ala! Burma alisema kutoka mchangani.

Walifuata ufuko kwa mtumbwi, kisha wakashika njia ya miguu kupitia mashamba ya mpunga, na walifika Bujonde jua likiwa limeelemea. Marita alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mchele. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Tuntufye alivyomkumbuka, na nywele nyeupe pe. Ukuta nyuma yake ulikuwa laini, wa kijivu, hauna kitu.

Neli alimweleza huyu ni nani, mtoto wa mwalimu wa misheni, na kilichomleta. Tuntufye alipiga goti, akaamkia, akatoa salamu zote kama alivyopewa, hakuongeza neno wala kupunguza. Kahawa ya Burma Marita aliinusa. Aliposikia ujumbe wa Eliya alitikisa kichwa kidogo. Aliposikia wa Stima aliuacha ungo.

— Lameck? Yule aliyekuwa akiukunjia uso kila akikaa pale? Mimi nilidhani siku moja atakuja kuubomoa.

— Ni macho, bibi. Moto wa stima umemharibia macho. Hata leo amenikunjia mimi.

Marita alicheka. Kicheko chake kilianza kifuani na kikachukua muda kufika juu, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya kanga na akatazama njia waliyoijia.

— Na wewe, alisema, ulikuwa unaona nini?

Tuntufye alikuwa amejiandaa njia nzima. Alitaka kumwambia juu ya mwalimu wake, juu ya maonyesho, juu ya kibonge cha buluu na jiwe la milima ya mbali. Yote yalimtoka kichwani.

— Ni mzuri, bibi, alisema. Ukuta wako ulikuwa mzuri sana. Nilikuwa naona wanawake wanatoka ziwani na vyungu kichwani.

— Wanawake? Marita alisema. Mbona vilikuwa vyungu tu. Vyungu juu ya vyungu, kama vinavyopangwa sokoni.

 Bibi aliinamia ungo wake, akatenga punje mbili tatu zenye maganda, akazitupia kuku. Kisha akageuka nyuma kwa mwili wote, kama watu wazee wanavyogeuka, akautazama ukuta wake mtupu kutoka chini hadi juu.

— Ningejua mlikuwa mnaona wanawake, alisema, ningewatia miguu.